Maswali ya Wasomaji: Shilingi ya Msaada na Uhai wa Mtoto

Barua za mwezi huu zimeegemea jambo moja, yaani misaada. Katika toleo lililopita niligusia, kwa sentensi mbili tu, kwamba karibu kila wodi ya watoto katika mikoa ya Kilimanjaro na Arusha ina kitu ndani yake kilichonunuliwa kwa sadaka ya mtu ambaye hatutamjua kamwe. Wasomaji wamenijibu kwa wingi kuliko nilivyotarajia, wengine kwa shukrani, wengine kwa shaka, na wachache kwa hasira ambayo naielewa. Nimechagua barua tano na kufupisha baadhi yake bila kubadilisha maana.

Shikamoo Mama Muuguzi. Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi hapa Moshi na ni katibu wa jumuiya yetu ya kanisani. Kila mwaka tunachangisha fedha kwa ajili ya watoto wadogo wa familia maskini. Mwaka huu mjumbe mmoja alisimama akasema kwamba fedha za misaada, ziwe zetu au za watu wa nje, hazijawahi kuokoa mtoto hata mmoja, na kwamba huishia kwenye magari makubwa, semina na posho. Wengi walimpigia makofi, nami nikakosa la kujibu. Je, kuna mtoto anayeishi leo kwa sababu mtu fulani alitoa? — Mwalimu, Moshi

Marahaba, Mwalimu. Nianze kwa kumpa mjumbe wenu haki yake. Magari yapo, semina zipo, na posho zipo. Nimekaa katika semina za namna hiyo katika miaka yangu zaidi ya thelathini ya uuguzi, na baadhi yake sikuona zilimfaa mgonjwa yeyote. Lakini neno lake "hata mmoja" si kweli, na kwa kuwa wewe ni mwalimu nitakujibu kwa hesabu ya darasani.

Utafiti wa kitaifa wa mwaka 1999 ulionyesha kwamba katika kila watoto 1,000 waliozaliwa hai nchini, 147 walifariki kabla ya kutimiza miaka mitano. Mwaka 2010 idadi hiyo ilikuwa 81, mwaka 2015-16 ilikuwa 67, na katika utafiti wa mwaka 2022 ilishuka hadi 43. Sasa fikiria watoto 50 wanaozaliwa kijijini, ambao ndio wangejaza darasa lako la kwanza. Kwa hali ya mwaka 1999, saba kati yao wasingefika kwenye dawati; kwa hali ya mwaka 2022, ni wawili. Kwa dunia nzima, watoto zaidi ya milioni 12 walifariki mwaka 1990 kabla ya kutimiza miaka mitano, na mwaka 2022 walifariki milioni 4.9, ingawa watu duniani wameongezeka sana katika muda huo.

Sitadai kwamba tofauti hiyo yote imeletwa na misaada. Wasichana wengi zaidi walisoma, barabara zilifika, serikali ilijenga zahanati, na akina mama walitembea na watoto mgongoni kwenda kliniki, jua na mvua. Hata hivyo, ukiuliza yule mama alipofika kliniki alikuta nini mezani, hapo ndipo utakapoiona fedha ya msaada.

Alikuta chanjo. Mwaka 2000 ulianzishwa ushirika wa kimataifa wa chanjo unaoitwa Gavi, na fedha yake ya kuanzia, dola milioni 750, ilitolewa na mfuko wa hisani wa Bill na Melinda Gates. Baadaye serikali nyingi zikaongeza zao. Kwa msaada huo Tanzania ilianza kutoa chanjo ya Penta mwaka 2009, ambayo kwa sindano moja humkinga mtoto dhidi ya dondakoo, kifaduro, pepopunda, homa ya ini na kimelea kinacholeta homa ya uti wa mgongo. Kisha, mwishoni mwa mwaka 2012 na mwanzoni mwa mwaka 2013, zikaja chanjo ya nimonia na chanjo ya kuhara ya Rota. Sisi tuliofanya kazi wodini kabla ya hapo tunakumbuka miezi ya Juni na Julai, baridi inaposhuka kutoka mlimani, ambapo watoto wa nimonia walilazwa wawili wawili kitandani, na mama anahesabu pumzi za mwanawe usiku kucha.

Hapa kuna jambo ambalo mchangiaji mdogo hulijua kwa nadra, nalo ni bei. Chanjo ya nimonia nchini Marekani huuzwa kwa zaidi ya dola 100 kwa dozi moja. Kwa kuwa wafadhili waliweka fedha pamoja na kuwaahidi watengenezaji kwamba watanunua nyingi kwa miaka mingi, nchi maskini ziliipata kwa dola 3.50 au pungufu ya hapo kwa dozi. Mtu mmoja akitoa dola mia na ushee peke yake dukani, angemkinga mtoto mmoja kwa sindano moja. Zikiunganishwa na za wengine, zinakinga kijiji.

Mfano wa pili uko jirani yetu, hata mjumbe wenu anaweza kupanda basi akaenda kuuona. Mwaka 2003 kiwanda cha A to Z cha Arusha kilianza kutengeneza vyandarua ambavyo dawa yake imechanganywa ndani ya nyuzi zenyewe, ili vidumu kwa miaka kadhaa bila kuchovywa upya. Kampuni ya Sumitomo ya Japani ilitoa ujuzi huo bila kudai malipo ya hakimiliki, na mfuko wa hisani wa Acumen ulikikopesha kiwanda mtaji wa kuanzia. Leo kina uwezo wa kutengeneza mamilioni ya vyandarua kwa mwaka, kimeajiri maelfu ya watu, wengi wao wanawake, na vyandarua vyake vimesambazwa katika nchi nyingi za Afrika. Kwetu Kilimanjaro na Arusha malaria imepungua hadi chini ya mtoto mmoja katika kila 100 wanaopimwa, lakini Tabora na Mtwara bado ni mzigo mkubwa. Kwa hiyo chandarua kilichoshonwa na binti wa Kisongo, Arusha, humlinda mtoto wa Nzega, Tabora, na aliyekilipia pengine yuko Ulaya. Wasomaji wenye umri wangu watakumbuka pia Hati Punguzo, ile karatasi iliyotolewa kliniki kwa mama mjamzito tangu mwaka 2004 ili anunue chandarua kwa bei ndogo. Fedha yake ilitoka katika Mfuko wa Dunia wa kupambana na UKIMWI, kifua kikuu na malaria.

Watafiti waliofuatilia maelfu ya watoto katika nchi mbalimbali za Afrika walikuta kwamba katika kila watoto 1,000 wanaolala ndani ya chandarua chenye dawa, maisha ya watoto watano hadi sita huokolewa kila mwaka. Zingatia hesabu hiyo, Mwalimu, kwa sababu ndiyo inayomfanya mjumbe wenu asione kitu. Watano hao hawana alama usoni. Wanacheza na wale wengine 995, na hakuna mama ajuaye kama wa kwake ni mmoja wao. Mtoto anayepona upasuaji hupigwa picha, na wafadhili hushukuriwa. Mtoto ambaye hakuugua kabisa hana cha kusimulia. Ukimjibu mjumbe wenu, mwambie amtafute huyo wa pili katika hesabu za nchi, kwa kuwa mtaani hatamtambua.

Mama Muuguzi, salaam. Mke wangu alijifungua mtoto wetu wa kwanza katika kituo cha afya huku Ngaramtoni. Mtoto hakulia. Nilikuwa nje ya mlango na nikasikia ukimya ambao sitausahau. Mkunga baadaye alinieleza kwamba mtoto "alizaliwa amechoka", kwamba alimkausha, akamsugua mgongo, kisha akamwekea kifaa usoni akawa anaminya kimpira mpaka akalia. Aliniambia walijifunza hayo kwa kutumia mwanasesere aliyeletwa na wafadhili. Naomba unieleze, inawezekanaje mwanasesere akaokoa mtoto? — Baba Neema, Arusha

Hongera, Baba Neema, na Mungu amkuze binti yako. Swali lako limenigusa kuliko mengine yote, kwa sababu linahusu saa ambayo sasa ndiyo hatari zaidi katika maisha ya mtoto. Katika wale 43 niliowataja juu, 24 hufariki kabla ya kutimiza siku 28. Chanjo na vyandarua vimewasaidia sana watoto waliokwisha kuvuka mwezi wa kwanza. Wachanga hufa kwa kukosa hewa wakati wa kuzaliwa, kwa kuzaliwa kabla ya wakati, na kwa maambukizi, na hakuna sindano ya kuzuia kukosa hewa. Kinachohitajika ni mikono ya mkunga ndani ya dakika moja.

Kati ya watoto wachanga 100, wachache huhitaji kusaidiwa ili waanze kupumua. Wengi wao huamka wakikaushwa na kusuguliwa mgongo tu. Wanaobaki huhitaji mfuko wa kupumulisha na barakoa ndogo inayokaa sawasawa juu ya pua na mdomo, na hewa iingizwe kabla dakika ya kwanza haijaisha, ndiyo maana wakunga huiita dakika ya dhahabu. Vifaa hivyo ni vya bei ndogo. Ugumu uko katika mkono: ukiminya kwa nguvu mno unaumiza mapafu, shingo ikiinama hewa haipiti, barakoa ikivuja unapoteza muda. Mkono haujifunzi hayo kwa kusikiliza hotuba, na hakuna anayeruhusiwa kujifunzia kwa mtoto wa mtu. Hapo ndipo mwanasesere anapoingia. Ametengenezwa na kampuni ya Laerdal ya Norway. Hujazwa maji ili awe na uzito wa mtoto mchanga na alegee vilevile, na kifua chake huinuka pale tu unapoingiza hewa kwa usahihi.

Tanzania ilikuwa miongoni mwa nchi za kwanza kuyajaribu mafunzo hayo. Katika hospitali nane nchini, matokeo yaliyochapishwa mwaka 2013 yalionyesha kwamba vifo vya watoto katika saa 24 za kwanza vilipungua kwa asilimia 47. Lakini nataka nikueleze na upande wa pili, kwa sababu unajibu pia hoja ya semina iliyoletwa na mjumbe wa Mwalimu. Katika hospitali ya Haydom, kule Mbulu mkoani Manyara, ambayo Walutheri wa Norway waliifungua mwaka 1955, ilionekana kwamba mafunzo ya siku moja peke yake hayakubadilisha kitu katika chumba cha kujifungulia. Wakunga walifaulu mtihani, wakarudi kazini, na mikono ikafanya kama ilivyozoea. Uongozi haukukata tamaa. Mwanasesere aliwekwa palepale karibu na chumba cha kujifungulia, na kila mkunga akafanya mazoezi ya dakika chache mara kwa mara, wiki baada ya wiki. Hapo ndipo vifo vilipopungua. Fedha ya semina ya siku moja ilipotea. Kiasi kidogo kilichonunua mazoea ya kila wiki kiliokoa watoto.

Mafunzo ya aina hiyo baadaye yalipelekwa katika hospitali na vituo 30 vya mikoa ya Manyara, Tabora, Geita, Shinyanga na Mwanza, na taarifa yake ikachapishwa mwaka 2025. Vifo vya watoto wakati wa kuzaliwa na katika siku ya kwanza vilishuka kutoka 15.3 hadi 12.5 katika kila uzazi 1,000. Inaweza kuonekana ni tofauti ndogo. Wewe uliyesimama nje ya ule mlango unajua si ndogo.

Niongeze neno moja kuhusu watoto njiti, kwa kuwa wengi huniuliza. Njia ya kumbeba mtoto njiti kifuani, ngozi kwa ngozi, ambayo tunaiita kangaruu, ilianza Bogotá nchini Kolombia mwishoni mwa miaka ya 1970 kwa sababu hospitali haikuwa na mashine za kutosha za kuwatunzia watoto hao joto. Inahitaji kanga, kofia, soksi, na muuguzi mwenye subira ya kumwelekeza mama.

Mama mwenzetu, sisi ni kikundi cha akina mama kumi na wanane hapa Himo. Tumeweka akiba katika kikoba chetu na tumeamua kwamba sehemu ya faida tuwapelekee watoto wadogo walio hospitalini. Tumefikiria maziwa ya kopo, nguo, na kama fedha itatosha, mashine yoyote iliyotumika ambayo ndugu yetu aliye Ujerumani anaweza kutusafirishia. Tunaomba ushauri. — Katibu wa kikundi, Himo

Ndugu zangu, moyo wenu ni mwema, na kwa sababu hiyo nitasema bila kuzungusha: maziwa ya kopo msipeleke.

Mama akipewa kopo la kwanza bure, mtoto hupunguza kunyonya, na ziwa lisiponyonywa hupunguza maziwa. Kopo la bure likiisha, la pili ni la kununua, na bei yake inazidi mfuko wa familia, basi maziwa hutiwa maji zaidi ili yafike mwisho wa mwezi. Maji yenyewe pengine hayakuchemshwa. Mtoto aliyekuwa salama anaanza kuhara na kukonda. Kwa sababu hiyo Mkutano Mkuu wa Shirika la Afya Duniani ulipitisha mwaka 1981 kanuni za kudhibiti biashara na ugawaji wa maziwa hayo, na Tanzania ina kanuni zake tangu mwaka 1994. Wapo watoto wanaoyahitaji kweli, kama aliyefiwa na mama, lakini hao huamuliwa na daktari na hufuatiliwa.

Kwa mtoto mwenye utapiamlo mkali, hospitali hutumia maziwa maalumu ya tiba, na akishapata nafuu na hamu ya kula hupewa chakula dawa, yaani ule uji mzito wa karanga uliosagwa pamoja na maziwa ya unga, sukari, mafuta, vitamini na madini. Kipakiti kimoja kina gramu 92 na nguvu ya kilokalori 500. Hakihitaji maji wala moto, hakiharibiki haraka, na mtoto anaweza kukinyonya nyumbani kwa wiki sita hadi nane mpaka apone. Kabla hakijabuniwa mwaka 1996 na watu wa Ufaransa, mtoto kama huyo alilazwa wiki nyingi, na mama aliacha shamba na watoto wengine nyumbani. Sehemu kubwa ya chakula dawa duniani hununuliwa na UNICEF kwa fedha za wafadhili, na kinapokosekana hakuna cha kuziba pengo lake. Mhudumu wa afya wa ngazi ya jamii hupima mkono wa mtoto kwa utepe wa rangi tatu: mzunguko ukiwa chini ya sentimita 11.5, utepe husoma nyekundu, na mtoto huyo hatakiwi kusubiri siku ya kliniki.

Kuhusu mashine, nina kumbukumbu inayoniuma. Katika hospitali moja niliyofanya kazi zamani tuliletewa mashine ya kuwatunzia watoto njiti joto, ikapokewa kwa nyimbo. Haikuwa na kitabu cha maelekezo kwa lugha tuliyoielewa, kifaa chake kimoja kilivunjika ndani ya miezi, na fundi wa kukitengeneza hakupatikana. Ilikaa koridoni kwa miaka tukiweka mashuka juu yake, na wakati huo huo wodi haikuwa na mirija ya kulishia watoto wachanga. Hatukuwa peke yetu. Uchunguzi uliochapishwa mwaka 2011 ulikuta kwamba karibu asilimia 40 ya vifaa tiba katika nchi maskini havifanyi kazi. Dawa nazo msilete bila kuombwa, na zikiombwa, Shirika la Afya Duniani linataka ziwe na angalau mwaka mmoja kabla ya kuisha muda wake.

Andikeni barua fupi kwa muuguzi kiongozi wa wodi, mkamwuliza wodi hupungukiwa na nini kwa mwezi. Msishangae akiwajibu: betri za mizani, sabuni, pampasi ndogo za watoto njiti, na chakula cha akina mama waliolaza watoto. Hili la mwisho nalitilia mkazo. Mama anayekaa wodini wiki tatu bila nauli wala chakula huomba ruhusa ya kutoka kabla mtoto hajapona, na mara nyingi mtoto huyo hurudishwa akiwa mahututi, au harudishwi.

Shikamoo Mama. Mimi ni mwanafunzi wa chuo Arusha. Nasoma makala zako lakini hili la kusifu misaada linanikera. Mwaka 2025 Marekani ilikata misaada yake ghafla, na tukaona jinsi tulivyo tegemezi. Je, si aibu kwamba watoto wetu wanaishi kwa hisani ya wengine? — Mwanafunzi, Arusha

Marahaba, mwanangu. Fedha zilizokatwa mwaka 2025 zilikuwa kodi za Wamarekani zilizotolewa na serikali yao, tofauti na sadaka ya mtu binafsi, lakini hofu yako ni ya haki na sitaipunguza. Viongozi wa Afrika walikutana Abuja mwezi Aprili 2001 wakaahidi kutenga asilimia 15 ya bajeti za nchi zao kwa ajili ya afya. Nchi nyingi hazijafika hapo mpaka leo, na kijana kama wewe ana haki ya kuwauliza wabunge swali hilo kila mwaka wa bajeti. Huo mpango wa Gavi unaitaka kila nchi ilipe sehemu ya gharama ya chanjo zake, na sehemu hiyo hupanda kadiri nchi inavyopata uwezo, mpaka ilipe yote. Naona huo ni utaratibu wa heshima, nami ningependa misaada mingine iige.

Hospitali ya KCMC iliyo Moshi ilifunguliwa mwaka 1971 kwa fedha zilizochangishwa na makanisa, nyingi kutoka nje ya nchi. Leo ni Watanzania wanaofundisha udaktari na uuguzi pale, na daktari wa watoto unayemkuta katika hospitali ya wilaya ya mbali huenda alitokea katika madarasa hayo.

Neno "aibu" ndilo nisilokubaliana nalo, kwa kuwa linadhani sisi tumepokea tu. Chanjo ya kwanza ya malaria, ile ambayo Shirika la Afya Duniani liliipendekeza tarehe 6 Oktoba 2021, ilijaribiwa kwa maelfu ya watoto katika vituo 11 vya nchi saba za Afrika, na viwili kati ya vituo hivyo vilikuwa Korogwe na Bagamoyo. Fedha za utafiti zilitoka nje, zikiwemo za hisani. Mikono iliyochomwa sindano ilikuwa ya watoto wa Tanga na Pwani, na akina mama waliowaleta kliniki kwa miaka, wakijibu maswali yaleyale kila mwezi, hawakulipwa utajiri wowote. Mtoto wa Malawi au Ghana anayepata chanjo hiyo leo anawiwa na akina mama hao pia.

Mwanangu Mama Muuguzi, mimi ni mzee wa miaka 78 hapa Marangu. Nilizika watoto wawili kabla hawajajua kutembea, mmoja kwa surua na mwingine kwa kuhara, miaka ya 1970. Sasa nina kahawa kidogo na ndizi, na kila mwaka naweza kutenga shilingi laki mbili. Kijana mmoja ameniambia nizipeleke kwenye kituo cha watoto yatima mjini. Nataka ziokoe mtoto mdogo. Nizipeleke wapi? — Mzee, Marangu

Shikamoo, Mzee wangu, na pole. Miaka hamsini haifuti jambo kama hilo, na nimeisoma barua yako mara mbili kabla ya kushika kalamu.

Surua iliyomchukua mtoto wako leo ina chanjo inayotolewa bure, ya kwanza akiwa na miezi tisa na ya pili akiwa na miezi kumi na minane. Kuhara kulikomchukua wa pili kunatibiwa kwa pakiti ya ORS inayokorogwa katika lita moja ya maji safi, pamoja na vidonge vya zinki kwa siku 10 hadi 14. Maarifa ya ORS yalithibitishwa wakati wa vita vya Bangladesh mwaka 1971, katika kambi za wakimbizi ambako dripu ziliisha na daktari mmoja, Dilip Mahalanabis, akaamua kuwapa wagonjwa wa kipindupindu maji ya chumvi na sukari wanywe. Vifo vikashuka kutoka karibu 30 hadi chini ya wanne katika kila wagonjwa 100. Maarifa hayo hayakuwa yamefika milimani kwetu ulipoyahitaji. Wewe hukukosea kitu.

Kuhusu kituo cha yatima, ningekuomba usite. Katika vituo vingi vya namna hiyo, watoto wengi wana mzazi aliye hai au bibi, na wamepelekwa pale kwa sababu ya umaskini. Kama kituo kimesajiliwa kwa mujibu wa Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 na kinajitahidi kuwarudisha watoto kwa ndugu zao, ni vizuri. Lakini wewe umeomba fedha iokoe uhai, na kwa huku mlimani naona iko njia iliyo fupi zaidi.

Watoto wachanga wa vijiji vya juu hupotea njiani. Mama anachelewa kuamua, kisha anakosa usafiri, kisha anafika usiku na kukuta kinachohitajika hakipo. Upo mpango wa m-mama, ulioanza kwa fedha za mfuko wa hisani wa Vodafone pamoja na wafadhili wengine, na ambao serikali imeueneza nchini: mtu anapiga namba 115 bila malipo, na gari la wagonjwa lisipopatikana, dereva wa kijijini aliyesajiliwa humchukua mama mjamzito, au mtoto mchanga ambaye hajatimiza siku 28, na mpango humlipa dereva huyo nauli yake. Wajukuu zako waijue namba hiyo, na waiandike ukutani jikoni.

Mpango huo hubeba dharura. Hauwabebi wale wanaotakiwa kushuka mapema, wiki moja kabla ya siku zao, wakakae kwa ndugu karibu na hospitali. Wala haumrudishi nyumbani mama wa mtoto njiti, au kumleta tena kliniki kila wiki mtoto apimwe uzito. Hapo ndipo laki mbili zako zinatosha kufanya kazi kubwa. Nenda zahanati ya kijiji siku ya kliniki, asubuhi, umwone mganga mfawidhi pamoja na mwenyekiti wa kamati ya zahanati. Waulize ni akina mama wangapi katika miezi mitatu iliyopita walipewa rufaa wasiende, na kila mmoja alikwama wapi. Kama jibu ni nauli, fedha iingizwe katika akaunti ya zahanati kwa ajili hiyo, upewe stakabadhi, na jina la kila mama aliyesafirishwa liandikwe katika daftari linalobaki kwa muuguzi. Usitoe zote kwa mara moja. Gawanya kwa miezi, na mwezi wa nne, mvua za masika zinapoharibu barabara ya juu na bodaboda wanapopandisha bei, uache fungu kubwa kidogo.